Kupiga Debe kwa Mfuko Mdogo

Jioni moja nilinunua karanga sokoni Tandika, Dar es Salaam, muuzaji akanifungia kwenye karatasi nzito, inayong'aa upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Karanga zilipoisha nikaikunjua. Kilikuwa kipeperushi cha fundi cherehani wa mitaa ya jirani: picha ya mwanamke wa Kizungu ndani ya suti, maneno "Karibuni nyote kwa huduma bora na za kisasa", na chini kabisa namba ya simu iliyobanwa kwa herufi ndogo mno. Nilimtafuta yule fundi. Alikuwa amechapisha vipeperushi elfu moja kwa fedha za akiba ya miezi kadhaa, akamlipa kijana avigawe stendi, na mpaka siku ile hakuna mteja hata mmoja aliyemjia akisema ameona karatasi yake. Nikatazama nguo zilizotundikwa ukutani. Kola zimekaa, mishono imenyooka, pindo hazina uzi unaoning'inia. Mtu huyu anaijua kazi, na akiba yake imefungia karanga. Iliniuma, na ndiyo maana naandika haya.

Wafanyabiashara wetu wadogo wanalelewa na misemo miwili inayovutana. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine unasema biashara matangazo. Aliyeushika wa kwanza hukaa kimya kwenye fremu yake akingoja ubora wa kazi uote miguu utembee. Aliyeushika wa pili, akipata laki moja tu, hukimbilia kwa mchapaji. Nimewaona wote wawili wakirudisha funguo kwa mwenye nyumba. Mimi nasema hivi: usihesabu watu wangapi wameona tangazo lako, hesabu wangapi kati yao walikuwa karibu kununua. Karatasi elfu moja mikononi mwa wasafiri wa stendi wanaokimbilia daladala ni ghali, hata ungezipata bure.

Chukua kalamu tupige hesabu ambayo wengi hawaipigi. Tuseme gauni moja linamwachia fundi shilingi 8,000 baada ya kutoa uzi, umeme, kodi na nauli. Akitumia 80,000 kwa tangazo, anahitaji magauni kumi mapya ili fedha hiyo irudi tu, bado hajala faida. Sasa mtazame mama lishe ambaye sahani moja inamwachia 600. Kwa 80,000 ileile anahitaji sahani mia moja thelathini na kitu, na kwa haraka unaweza kudhani yeye ndiye aliyepotea zaidi. Lakini mteja wa mama lishe akishazoea hurudi siku tano kwa wiki. Kwa mwezi ni sahani ishirini hivi, sawa na 12,000. Wateja saba wapya wa kudumu wanairudisha fedha yote ndani ya mwezi, na mwezi wa pili kila kinachoingia ni chake. Biashara hizi mbili, basi, hazitangazwi kwa njia moja. Mama lishe anatafuta mtu aonje mara tatu mpaka azoee. Fundi, ambaye mteja wake hushona labda mara nne kwa mwaka, anatafuta mteja atakayemleta dada yake, shoga yake na kamati nzima ya harusi. Kabla hujatoa shilingi, jiulize wewe uko upande gani.

Na ukishajiuliza, anza na mteja uliye naye tayari. Mama yangu alikuwa akiuza kanga Tanga, kwa mkopo, kwa akina mama wa mitaa yetu. Hakuwahi kuwa na kibao wala fremu. Toleo jipya lilipoingia alikuwa haliweki kwenye furushi kwanza. Alilikata, akalipinda, akalivaa yeye mwenyewe kwenda shughulini, akakaa mahali ambapo kila anayeingia lazima amsalimu. Akirudi nyumbani jioni huwa ameshaandika majina kwenye daftari. Alijua nani ana harusi ya mtoto mwezi ujao na nani ametoka kujifungua. Leo tungemwita mtaalamu wa masoko. Yeye aliita kujuana na watu.

Kanga zenyewe zina funzo la zamani kuliko mama yangu. Kule Mombasa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alichapisha alama yake pembeni mwa kitambaa: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hakuhitaji ukuta wala gazeti. Kila kanga iliyofuliwa na kuanikwa uani, kila iliyobebea mtoto mgongoni kutoka Lamu hadi Kilwa, ilitembea na jina la aliyeiuza. Wanawake wengi hadi leo wanaijua alama hiyo bila kuambiwa na tangazo lolote.

Wewe huchapishi kanga, lakini kuna kitu kinachotoka dukani kwako kikiwa mkononi mwa mteja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 1, 2019, mfuko umekuwa kitu cha kutunzwa. Mfuko wa karatasi, kopo la achari, kasha la keki, bahasha ya picha, karatasi ya dawa ya miguu: vyote vinafika nyumbani kwa mteja, na nyumbani kuna watu wengine. Nenda kwa wachonga mihuri, uchongewe muhuri wa mpira wenye jina la biashara, unachofanya, ulipo na namba ya simu. Mambo hayo manne yanatosha. Muhuri mmoja na kidau cha wino vinakuchukua miezi mingi, na gharama yake haifiki robo ya vile vipeperushi elfu moja. Gonga kila kinachotoka. Muuza asali ambaye chupa yake haina jina anamfanyia kazi muuza asali wa jirani, kwa sababu asali ikimpendeza mgeni aliyeionja mezani hatajua aitafute wapi.

Sasa toka nje, vuka barabara, ugeuke uitazame fremu yako kama mgeni. Unaweza kusoma kibao? Baada ya kukisoma, unajua ndani kunauzwa nini? Nimepita mitaa mingi yenye vibao vilivyoandikwa "Mungu Mwema Enterprises" kwa herufi za kurembaremba, na chini yake hakuna neno jingine. Jina zuri kabisa, lakini anayetafuta fundi wa friji amepita mbele ya fundi wa friji akaenda kumtafuta mbali. Mwambie mchoraji wa vibao aandike kwanza kazi, kwa herufi kubwa kuliko zote: FRIJI NA JOKOFU, TUNATENGENEZA. Jina lifuate chini. Rangi mbili zinatosha, moja ya giza na moja ya mwanga. Picha ya friji iliyochorwa kwa mkono humsaidia hata asiyesoma. Na kabla ya kusimamisha kibao pembezoni mwa barabara, ulizia ofisi ya mtaa au halmashauri kuhusu kibali na ushuru wa mabango. Nimeona mtu aking'olewa kibao wiki moja baada ya kukilipia.

Tukiwa hapo kwenye kibao, tumia anwani. Mwaka 2022 nchi nzima iliwekewa majina ya mitaa na namba za nyumba katika operesheni ya anwani za makazi, lakini wengi bado tunaelekeza kwa "ukishuka kituoni uliza kwa Mangi". Andika vyote viwili: mtaa na namba kwa ajili ya bodaboda anayetumia ramani, mti au msikiti kwa ajili ya shangazi. Ukijaliwa simu yenye intaneti, jisajili pia kwenye Google Maps. Hailipiwi. Weka saa za kufungua, picha ya mlango na namba ya simu, kisha waombe wateja watatu wanne walioridhika waandike neno. Mgeni aliyelala gesti ya jirani na suti yake imeunguzwa na pasi hataanza kuuliza majirani. Ataandika "fundi nguo karibu nami" na kumfuata atakayejitokeza.

WhatsApp ndipo wengi wanapotumia bando kubwa na kuvuna kidogo, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Toleo la biashara limekuwepo tangu 2018 na halina malipo. Linakupa mahali pa kuweka saa za kazi, anwani, katalogi ya bidhaa na majibu ya haraka yaliyoandikwa tayari. Lihamie. Kuna jambo moja la kiufundi ambalo watu hawaambiwi: unapotuma ujumbe kwa orodha ya matangazo, wanaoupata ni wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, na orodha moja haizidi watu 256. Stetasi nayo huonekana na waliokuhifadhi, nawe ukiwa umewahifadhi. Kumbe kazi ya kwanza ni kumwomba mteja, akiwa bado amesimama mbele yako na nguo yake mkononi, akuhifadhi. Mwambie na jina la kuandika: "Niandike Fundi Nguo Tandika, dada, siku ukinihitaji utanipata kwa haraka." Jina la kuzaliwa peke yake litamezwa na kina Asha kumi na wawili waliomo humo.

Kwenye picha, usiokote za intaneti. Mteja wa Tandika anajua yule Mzungu wa kwenye suti hajawahi kukanyaga kwako. Piga kazi yako mwenyewe, asubuhi, karibu na mlango ambako kuna mwanga, nyuma ukiwa umetandika shuka moja isiyo na maua. Kama ni gauni, mvishe mtu. Kama ni chakula, kipige kingali moto kwenye sahani ileile utakayompa mteja. Stetasi hukaa saa ishirini na nne, kwa hiyo usimwage picha thelathini kwa mkupuo, watu huruka. Picha tatu zinatosha: jana nilimaliza hii, leo nashona hii, nafasi za wiki hii zimebaki nne.

Na bei! Iandike. Kuna mtindo umeenea wa kuweka picha na maneno "bei njoo inboksi". Najua sababu zinazotolewa: mshindani asione, mteja apate nafasi ya kuzungumza, labda atatoa zaidi. Mimi nimekaa na wauzaji wa viatu na mapochi tukapitia mazungumzo yao ya wiki nzima. Wengi waliouliza bei walijibiwa baada ya saa mbili au tatu, na wakati huo wameshanunua kwingine au hamu imekwisha. Wapo wengine, hasa akina mama wenye staha, ambao hawaulizi kabisa kwa kuogopa kuonekana wameshindwa. Mshindani wako bei yako anaijua. Yeye ndiye aliyeuliza wa kwanza, kwa jina la mtoto wake. Asiyeijua ni mnunuzi. Kama kazi yako haina bei moja, andika inapoanzia: "Gauni la kitenge, ushonaji kuanzia 15,000, kitambaa chako." Mtu ataamua akiwa palepale alipo, na atakayekupigia anapiga akiwa tayari.

Makundi ya WhatsApp yanahitaji adabu. Lile la wazazi wa darasa la tatu lilianzishwa kwa ajili ya watoto, la kikoba ni la kikoba, la jumuiya ni la sala. Ukimwaga matangazo kila asubuhi utachukiwa hata ukiwa na bidhaa nzuri. Njia iliyo safi ni kuwa mtu wa msaada humo: akiuliza mtu sare za michezo zinapatikana wapi, mjibu hata kama si kwako, na siku ya pili zamu yako itafika. Waombe viongozi wa kundi wakupe siku moja kwa mwezi. Vilevile, namba ya mteja ni amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, si uungwana kuokota namba za watu kwenye daftari la wageni la msibani ukaanza kuwatumia bei za vitenge. Omba ruhusa. Anayesema hapana, mfute.

Kulipia tangazo mitandaoni, kile vijana wanachokiita kubusti, si kubaya. Ubaya ni kubusti posti isiyo na bei, isiyo na mahali, kwa watu wa nchi nzima. Facebook na Instagram zinakuruhusu kuchagua eneo na kuweka kikomo cha fedha kwa siku. Muuza chipsi wa Morogoro asilipie macho ya watu wa Bukoba. Busti tu ile posti ambayo tayari, bila fedha, iliwafanya watu wakupigie. Fedha huongeza kasi ya kitu kinachotembea, haikiamshi kilicholala. Jaribu kwa kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi. Na anayekuuzia wafuasi elfu kumi kwa siku tatu, mkimbie. Wafuasi hao hawali, hawavai, hawanyoi.

Redio kubwa ya taifa zima haikuhusu kwa sasa. Redio ya jamii inaweza kukuhusu sana ikiwa soko lako ni wilaya. Muuza pembejeo wa Sengerema au Pangani ana kituo kinachosikilizwa na watu walewale wanaoweza kufika dukani kwake kwa baiskeli, Sengerema FM kule, Pangani FM huku. Badala ya kulipia tangazo tu, jitolee kueleza jambo hewani: namna ya kutambua mbegu iliyoharibika, dalili za mdudu kwenye mahindi. Aliyekusikia ukimfundisha atakuja kukuona. Spika ya betri inayorudiarudia "mia tano mia tano" ina mahali pake sokoni, lakini mbele ya zahanati au shule ni bughudha, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ina kanuni za kelele za tangu 2015.

Kuhusu majira nitasema kwa ufupi kwa kuwa ni jambo jepesi ukishaliona. Shule zinafunguliwa Januari. Fundi wa sare anayetangaza Januari amechelewa, wazazi wenye mpango walishanunua Desemba, basi yeye ajitangaze Novemba, langoni mwa shule, akiwa na sare moja iliyoshonwa ili mama aipapase kitambaa. Wauza tambi na tende wajulikane Shaaban, si siku ya pili ya Ramadhani. Fundi wa paa apite mitaani kabla masika ya Machi hayajaanza.

Nunua daftari. Kila mteja mpya, kabla hujampima au kumpakulia, muulize kwa upole: "Umetufahamu vipi, ndugu yangu?" Chora kijistari kwenye safu yake: rafiki, kibao, stetasi, mfuko, redio. Baada ya miezi miwili utakuwa na elimu ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kukuuzia, kwa sababu ni ya mtaa wako. Safu isiyo na vijistari, acha kuilipia. Hakikisha pia jina linalotokea mteja anapolipa kwa Lipa Namba linafanana na lililoko kwenye kibao. Mtu akilipa kwa "Mama Zai Mapishi" likatokea jina la mwanamume asiyemjua, moyo hushtuka, na mara ya pili anaweza asirudi.

Nimeliacha gumu mwishoni kwa makusudi. Tangazo humleta mtu mlangoni haraka, na kama ndani kuna kasoro, humwonyesha haraka vilevile. Mafundi wetu wana sifa ya "njoo kesho". Ukitangaza ukapata oda arobaini na mikono yako inaweza ishirini, umelipa fedha ili watu ishirini wakutangaze vibaya, na hao hawachoki wala hawahitaji bando. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwanza weka sawa ahadi, kisha piga debe. Punguza maneno ya "bora" na "ya kisasa" ambayo kila mtu anayo, useme moja unaloweza kulitimiza kila siku: nguo yako tayari Ijumaa, chakula mezani ndani ya dakika kumi, mkaa mkavu, ukiukuta umelowa urudishe.

Hilo ndilo nililomwambia yule fundi wa Tandika. Vipeperushi kama mia tatu vilikuwa vimebaki kwenye boksi chini ya meza, naye alitaka kuvichoma. Tukavikata vipande viwili viwili. Kwenye upande ule mweupe sasa anaandika kwa kalamu jina la mteja, aina ya nguo, fedha iliyobaki na siku ya kuchukua, kisha anagonga muhuri wenye namba yake, safari hii kwa tarakimu kubwa. Mteja anaondoka na kipande hicho kwenye pochi. Nilipopita mara ya mwisho alikuwa anashona sare, na ukutani amebandika karatasi: Ijumaa ni Ijumaa.